Somo la Mtandaoni na Namna ya Kulitunga

Wasomaji wa gazeti letu, katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita baba mmoja alisimama akauliza: "Walimu, watoto wetu wanakaa nyumbani likizo nzima. Simu tunazo. Je, haiwezekani mkawapelekea masomo kwa hiyo simu?" Wazazi wengi walimpigia makofi. Wanafunzi, nadhani, hawakupiga kwa nguvu hiyo.

Jibu langu ni kwamba yawezekana, na yafaa kufanywa. Lakini kupeleka maneno kwa simu si kufundisha. Mtu aweza kupiga picha kurasa hamsini za kitabu, akazituma kwa wanafunzi mia kwa dakika moja, na asimfundishe hata mmoja. Mwanafunzi akiwa darasani ameketi mbele ya mwalimu, hana pa kwenda. Akiwa nyumbani Kabanga, au Makere, au Mabamba, ana kuku wa kufukuza, mdogo wake wa kubeba, na wenzake wanaomwita mpirani. Somo likimchosha huliacha, na mwalimu hana habari. Kwa hiyo somo la mtandaoni lataka kutungwa kwa uangalifu kuliko lile la ubaoni. Hapa nataka kueleza namna ya kulitunga, ili walimu wenzangu wajaribu, wazazi wajue wasaidie wapi, na wanafunzi wajue kwa nini tunawataka wafanye hili na lile.

Jambo lenyewe lina uzito. Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kidato cha Sita walirudi tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni. Karibu miezi mitatu na nusu ilipita. Wanafunzi wa mijini wenye redio, televisheni na intaneti walipata masomo kidogo kidogo, lakini wengi wa vijijini hawakupata kitu. Mtihani wa Kidato cha Nne haukumwuliza mtu anatoka wapi. Hatujui ni lini shule zitafungwa tena kwa sababu nyingine, na likizo huja kila mwaka. Mwenye kujiandaa mapema hashikwi na mvua bila paa.

Wazo hili si geni kwetu

Vijana hudhani kwamba kusomea mbali na mwalimu kulianza na simu janja. Sivyo. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, na darasa lake lilikuwa redio. Watu wazima wapatao milioni mbili katika Tanzania walisoma kwa njia hiyo muda wa majuma kumi na mawili. Wazee wengi wa Kasulu na Kibondo wa rika la babu zenu wanaikumbuka, na yafaa mkawaulize.

Angalieni jinsi kampeni ile ilivyotungwa. Watu hawakuachwa wasikilize redio kila mtu peke yake. Walikaa kwa vikundi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi yake. Kwanza walisikiliza kipindi. Pili walisoma kijitabu kilichoandikwa kwa maneno mepesi. Tatu walijadiliana: je, haya tuliyoyasikia yako hapa kijijini kwetu? Nne waliamua la kufanya, wakalifanya, kama kuchimba vyoo au kufyeka nyasi na kufukia madimbwi ya maji yanayozaa mbu. Hatua hizo nne, yaani kusikiliza, kusoma, kujadili na kutenda, ndiyo siri ya kampeni ile. Redio ilikuwa chombo tu. Ukiondoa redio ukaweka simu, hatua zabaki zile zile.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Katika wilaya ya Kasulu kuna Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi waliotoka Kongo, na ambayo mwaka 2015 ilipokea Warundi wengi. Vodafone Foundation na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walianzisha mwaka 2013 mpango wa kupeleka masomo ya kompyuta na intaneti katika shule za wakimbizi, na Nyarugusu ikawa mojawapo ya mahali palipopata mpango huo. Mwaka 2015 walitoa sanduku moja la ajabu. Uzito wake ni kilo 52, na ndani yake mna kompyuta moja, vishikwambi 25, projekta, spika na chombo cha kunasa mtandao. Vyote huchajiwa kwa pamoja kutoka penye umeme pamoja tu, na vikijaa hufanya kazi siku nzima darasani hata kama hapana umeme.

Mambo mawili katika sanduku lile yanatuhusu. La kwanza, vishikwambi vilitiwa programu za masomo kabla ya kufika darasani, ili kazi isisimame kila mtandao unapokatika. La pili, sanduku halikupelekwa liwe mwalimu. Lilipelekwa kwa mwalimu. Vishikwambi ishirini na vitano bila mtu wa kuongoza ni michezo ishirini na mitano.

Sasa nitataja mambo ya kuangalia katika kutunga somo.

Kwanza: Mjue mwanafunzi wako yuko wapi

Kabla ya kuandika neno moja, mwalimu ajiulize: huyu nitakayemfundisha ana simu ya namna gani, ni ya nani, na huishika saa ngapi? Kwetu jibu la kawaida ni hili. Simu ni ya baba au mama. Mchana huwa shambani au sokoni pamoja na mwenyewe. Hurudi jioni chaji ikiwa imekwisha nusu. Mtandao hushika vizuri kilimani na kufifia bondeni. Mwanafunzi huipata pengine nusu saa baada ya chakula cha usiku.

Basi, somo linalotaka kila mtu awe mbele ya simu saa nne asubuhi, akimwona mwalimu akisema, limekwisha kuwafukuza wanafunzi wengi kabla halijaanza. Kwa hali yetu afadhali somo lisilofungwa na saa. Mwalimu hulituma mchana, simu hulipokea inapofika penye mtandao, na mwanafunzi hulifungua usiku hata kama mtandao umekatika.

Jambo jingine ni lugha. Mtoto wetu husema Kiha nyumbani, akafundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha Kidato cha Kwanza akakuta masomo karibu yote ni ya Kiingereza. Darasani mwalimu huona nyuso, akajua wameelewa au hawakuelewa, akarudia kwa maneno mengine. Katika simu haoni uso wa mtu. Kwa hiyo kila somo lianze na maneno mapya matano au sita ya Kiingereza, kila moja na maana yake kwa Kiswahili na mfano wake. Maelezo ya sauti yaweza kuwa ya Kiswahili, na maandishi ya kunakili katika daftari yakawa ya Kiingereza, maana ndicho cha mtihani. Mwanafunzi aliyekwama katika neno la tatu hawezi kulipenda somo, hata likipambwa kwa rangi zote za upinde wa mvua.

Pili: Piga hesabu ya bando

Wanafunzi wa Hesabu na Fizikia wasikilize hapa. Ukubwa wa sauti au video hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde, na bando hupimwa kwa megabaiti. Kilobiti 8 ni kilobaiti 1, na kwa hesabu nyepesi kilobaiti 1,000 ni megabaiti 1.

Video ya kawaida hutumia kama kilobiti 1,000 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, utapata kilobaiti 125 kwa sekunde. Zidisha kwa 60, utapata kilobaiti 7,500, yaani megabaiti 7.5 kwa dakika. Kipindi cha dakika 40 kitakula megabaiti 300.

Sauti tupu ya mtu anayesema yaweza kubanwa hata ikawa kilobiti 16 kwa sekunde, na bado ikasikika vizuri. Hizo ni kilobaiti 2 kwa sekunde, au 120 kwa dakika. Sauti ya dakika 6 ni kilobaiti 720, haifiki hata megabaiti moja. Picha moja iliyopunguzwa ni kama kilobaiti 100. Na maandishi? Ukurasa wenye herufi 2,000 ni kilobaiti 2 tu.

Sasa linganisheni. Somo lenye kurasa mbili za maandishi, picha moja na sauti ya dakika sita ni chini ya megabaiti 1. Masomo matatu kwa juma, kwa majuma manne ya likizo, ni masomo 12, yaani chini ya megabaiti 12. Masomo hayo hayo kwa njia ya video ya dakika 40 yangekuwa megabaiti 3,600. Bando hilo hununuliwa kwa fedha ambayo nyumbani ingenunua chumvi, sabuni na daftari. Mwalimu anayetuma video ndefu pasipo sababu anatoza ada nyingine ambayo haikuandikwa popote.

Sisemi video haina kazi. Mapigo ya moyo wa chura, au mtambo unavyozunguka, hayaelezeki kwa sauti peke yake. Lakini video ya dakika moja yatosha, na maelezo mengine yakaja kwa sauti na maandishi.

Tatu: Somo liwe fupi, na liwe na jambo moja

Mwaka 2014 wataalamu watatu, Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin, walichunguza mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi wa masomo ya mtandaoni walifungua video za walimu wao. Walitaka kujua mtu hutazama kwa muda gani kabla ya kuacha. Waliona kwamba video ikiwa fupi, yaani ya dakika sita au chini yake, watu huitazama karibu yote. Ikiwa ndefu, huachwa njiani. Hao wengi wao walikuwa watu wazima waliojiandikisha kwa hiari yao, wenye mashine nzuri na mtandao mzuri. Ikiwa wao walichoka, mtoto wa Kidato cha Pili mwenye simu ya kuazima atafanyaje?

Kwa hiyo somo moja libebe jambo moja. Ukitaka kufundisha mmomonyoko wa udongo, usitie aina zake, sababu zake, madhara yake na njia za kuuzuia katika sauti moja ya dakika thelathini. Gawanya mara nne. Na kila sehemu ianze na swali ambalo jibu lake mwanafunzi analitaka kweli. Badala ya kuanza "Leo tutajifunza sababu za mmomonyoko", anza hivi: "Shamba la jirani yenu la mtelemko lilikuwa likitoa maharage magunia matano, na sasa latoa mawili. Udongo wake umekwenda wapi?" Kijana aliyepalilia shamba la namna hiyo atataka kujua.

Nne: Mwanafunzi afanye kazi, asisikilize tu

Hili ndilo jambo kubwa kupita yote. Wanafunzi wengi hudhani kusoma ni kupitisha macho juu ya maandishi mara nyingi. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilijaribu jambo hili. Wanafunzi walipewa kifungu cha kusoma. Kundi moja likakisoma tena. Kundi la pili likafunga karatasi na kuandika yote liliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walishinda kidogo. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walikuwa bado na asilimia 56 ya mambo yale, na waliosoma mara mbili walikuwa na asilimia 42.

Maana yake ni nini kwa mtunga somo? Ni kwamba baada ya kila dakika mbili au tatu za maelezo, mwalimu anyamaze na kusema: "Simamisha sauti hapa. Funika daftari. Andika sababu mbili nilizozitaja." Na somo la Jumatano lianze kwa maswali mawili ya Jumatatu. Haligharimu bando hata kidogo, na lafanya kazi kuliko picha za kuchezacheza. Ninyi wanafunzi mwaweza kufanya hivyo hata bila simu, kwa daftari lenu la kawaida.

Tena kazi isiishie katika daftari. Nyumbani kwa mwanafunzi kuna maabara ambayo shule haina: kuna moshi wa jikoni, shamba, kisima, mizani ya sokoni, mawe, wadudu, na wazee wenye historia kichwani. Mwalimu wa Historia amtume mwanafunzi kwa bibi yake, na mwalimu wa Hesabu amtume sokoni na bei za maharage. Somo la mtandaoni likitumika vizuri humtoa mwanafunzi kwenye simu, wala halimgandishi hapo.

Tano: Majibu yarudi, na mtu ayajibu

Shule zilipofungwa mwaka 2020, huko Botswana ulifanywa uchunguzi kwa jamaa zipatazo 4,500. Baadhi yao walipelekewa ujumbe mfupi wa hesabu kila juma. Wengine walipelekewa ujumbe huo huo, na juu yake mwalimu akawapigia simu dakika kumi na tano hadi ishirini, akazungumza na mtoto pamoja na mzazi wake. Waliopata ujumbe peke yake hawakuonyesha maendeleo ya kutegemewa. Waliopata ujumbe pamoja na simu walijifunza hesabu kweli kweli. Wala kazi hiyo haikuhitaji simu janja, simu za kawaida za vibonyezo zilitosha.

Binadamu hufanya kazi akijua kuna mtu anayemngoja. Mwanafunzi akituma jibu lake mara mbili bila kusikia neno, mara ya tatu hatatuma. Kwa hiyo mwalimu asitume masomo mengi kuliko majibu anayoweza kuyasoma. Akiwa na wanafunzi mia, hawezi kuwapigia wote. Lakini wakigawanyika kwa vikundi vya watano, vitakuwa vikundi ishirini, na kuwapigia viongozi wanne kwa siku kwa muda wa siku tano si mzigo usiobebeka. Shule nayo isaidie vocha ya mwalimu, maana si haki atoe mfukoni mwake.

Somo moja kwa mfano

Ili maneno yasibaki hewani, naandika hapa somo moja la Jiografia nililolitunga kwa Kidato cha Pili kwa likizo ya Juni. Nchi yetu ya Buha ni ya milima na mitelemko, kwa hiyo nimechagua mmomonyoko wa udongo. Juni kwetu ni kiangazi, mvua zimekwisha, ndiyo maana mvua yenyewe tutaitengeneza.

Sehemu ya kwanza ni ujumbe wa maandishi wenye maneno mapya matano na maana zake, pamoja na swali la shamba la jirani.

Sehemu ya pili ni sauti ya dakika tano. Naeleza kwamba tone la mvua hupiga udongo ulio wazi na kuupasua kama nyundo ndogo, kisha maji yanayotelemka huchukua ule uliopasuka. Penye nyasi, majani hupokea pigo la tone, na mizizi huushika udongo na kuyapa maji njia ya kuingia chini. Katikati ya sauti nasimama mara mbili na kuuliza.

Sehemu ya tatu ni kazi ya mikono. Chukua mkebe, utoboe chini matundu madogo kwa msumari. Tafuta mahali pawili penye mtelemko ulio sawa: pamoja pawe udongo mtupu, na pengine pawe nyasi. Chini ya kila mtelemko chimba kishimo, weka ndani kopo. Mimina lita moja ya maji katika mkebe uliotobolewa, ukiushika kwa kimo kilekile mahali pote pawili. Maji yaliyofika katika kila kopo yatie katika chupa nyeupe, kisha uziache chupa zitulie mpaka asubuhi.

Asubuhi pima kwa rula vitu viwili katika kila chupa: kimo cha maji, na kimo cha tope lililotua chini. Jibu maswali haya. Ni mahali gani palileta maji mengi zaidi? Maji mengine yalikwenda wapi? Ni chupa ipi yenye tope nene? Sasa nenda ukatazame shamba la nyumbani kwenu, uandike mistari mitano: wapi udongo unaondoka, na baba au mama aweza kufanya nini?

Sehemu ya nne ni majibu. Kila kikundi kitume picha moja ya chupa mbili na mistari mitano. Nami nampigia kiongozi wa kila kikundi, namwuliza swali moja ambalo halikuwamo katika karatasi: "Kama mtelemko ungekuwa mkali zaidi, chupa zingebadilikaje?" Hapo ndipo najua kama wameelewa au wamenakili.

Somo hili zima ni chini ya megabaiti moja. Vifaa vyake ni mkebe, msumari, makopo na chupa mbili. Na mzazi aliyeona tope lile ndani ya chupa amesoma pamoja na mwanawe, naye huenda akapanda nyasi za kuzuia udongo kabla ya mvua za Oktoba.

Wasio na simu, na wasichana

Hapa ndipo pagumu, nami sitaki kupapita haraka. Kila tunapopeleka masomo kwa chombo ambacho wengine hawana, twawasukuma mbele walio mbele na kuwaacha nyuma walio nyuma. Shule ikianza mpango huu na kuwasahau wasio na simu, ni afadhali isianze.

Dawa ya kwanza ni vile vikundi. Wanafunzi watano wa kijiji kimoja hukutana mahali pa wazi, nyumbani kwa mmoja wao mzazi akiwapo, na simu moja hutosha, kama redio moja ilivyotosha mwaka 1973. Dawa ya pili ni karatasi. Maandishi ya somo yapigwe chapa kabla ya likizo na wapewe wasio na mtu wa karibu mwenye simu. Dawa ya tatu ni shule yenyewe. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ile. Mwalimu mwenye kishikwambi aweza kukitia masomo yote ya likizo, na siku moja ya juma akakaa nacho mahali ambapo wanafunzi wa karibu watamkuta.

Kisha wasichana. Nusu saa ile baada ya chakula cha usiku, ambayo mvulana huipata, msichana huwa anaosha vyombo. Vyombo vikiisha, simu imezimika. Wazazi wenzangu, hakuna ufundi wa mwalimu unaoweza kuondoa jambo hili. Ni ninyi tu mnaoweza. Mvulana aoshe vyombo siku mbili, msichana siku mbili, na mtihani utawakuta sawa.

Tusiwasahau pia wale waliotoka shuleni kabla ya wakati. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule, pamoja na wasichana waliopata watoto, kurudi madarasani. Msichana aliyekaa nyumbani mwaka mzima akirudi bila maandalizi, ataona aibu na kukata tamaa. Masomo mafupi yaliyohifadhiwa katika simu yatampa ngazi ya kupandia.

Ulinzi

Neno fupi juu ya hili. Kundi la masomo la simu lifunguliwe na shule kwa idhini ya Mkuu wa Shule, na walimu wawili au zaidi wawemo. Namba ziwe za wazazi. Mwalimu asiwasiliane na mwanafunzi mmoja kwa siri usiku. Picha za nyuso za wanafunzi zisitumwe, bali picha za kazi zao. Mzazi awe na haki ya kusoma kila kitu kilichotumwa. Tena kanuni ya shule inabaki pale pale: mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni. Mpango huu ni wa nyumbani, na simu ni ya mzazi.

Wito wangu

Kwa walimu wenzangu: anzeni na somo moja, si muhula mzima. Chagueni mada ambayo wanafunzi huikosa kila mwaka katika mtihani, itungeni kwa hatua nilizozitaja, mpelekeeni mwalimu mwingine aisikilize kwanza katika simu yake, ndipo mwitume.

Kwa wazazi: twaomba nusu saa ya simu, mara tatu kwa juma, kwa mvulana na msichana kwa zamu. Na akimaliza, mwulizeni: "Umejifunza nini leo? Nieleze." Msiogope kama ninyi hamkusoma sekondari. Mtoto anayeeleza ndiye anayejifunza, nanyi kazi yenu ni kusikiliza.

Kwa wanafunzi: chombo mtakachoshika kina somo upande mmoja na upuuzi upande wa pili, na kidole chenu ndicho mlango. Mwalimu atajitahidi kulifanya somo liwe tamu, lakini hata chakula kitamu hakijitii mdomoni. Viongozi wa vikundi waniletee majina ya wenzao na ya vijiji vyao kabla ya siku ya kufunga shule, na kila kikundi kije na mkebe wake. Msumari nitatoa mimi.